Ficha Doa, Usichubue Ngozi

Maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wenye saluni, wapambaji wa maharusi, wauzaji wa vipodozi na wateja wao. Yanachapishwa hapa ili waliokosa kuyasikia wayasome, na walioyasikia wabaki nayo.



Doa la usoni ni kitu kidogo kwa anayelitazama na kitu kikubwa kwa anayelibeba. Binti wa sekondari mwenye chunusi huchagua kuketi nyuma ya darasa. Mama aliyejifungua juzi, ambaye mashavu yake yalitoka mabaka ya kahawia wakati wa mimba, hukataa kupigwa picha na mtoto wake. Kijana aliyepata kazi ya kupokea wageni hotelini hujitazama kwenye kioo cha simu kila mara kwa sababu ya vipele vya kunyoa ndevu. Bi harusi huhesabu siku zilizobaki, na madoa yake huyahesabu pia.

Wote hawa wanataka kutoka nje bila doa kuwatangulia. Haja hiyo si ya aibu wala si ya kiburi. Lakini kuna njia mbili za kuitimiza, na njia hizo hukutana katika saluni na kwenye rafu ya duka la vipodozi. Ya kwanza ni kulifunika doa kwa mekapu, ambayo jioni huoshwa kwa maji na sabuni. Ya pili ni kulichubua doa, na mara nyingi uso mzima pamoja nalo, kwa krimu kali. Ya kwanza, ikifanywa vizuri, haimwachii mtu hasara. Ya pili inaweza kumwachia uso asioweza kuurudisha. Mazungumzo haya yanahusu jinsi ya kuifanya ile ya kwanza vizuri, ili mtu asione haja ya kuiendea ile ya pili.

Doa linatoka wapi

Ngozi ya mtu mweusi ina chembe nyingi za rangi iitwayo melanini. Melanini ni kinga, kwani hupunguza madhara ya jua. Lakini ngozi hii ikiumia, iwe kwa chunusi, kwa wembe, kwa kuumwa na mbu au kwa kukwaruzwa, chembe hizo hutoa rangi nyingi kupita kiasi. Chunusi huondoka na kivuli chake cheusi hubaki. Hilo si uchafu, na kulisugua kwa dodoki au mswaki huliumiza upya na kulifanya jeusi zaidi.

Madoa ya namna hii hufifia yenyewe polepole, kwa wiki nyingi na mara nyingi kwa miezi. Mambo mawili huyachelewesha kuliko mengine yote: kutumbua chunusi kwa kucha, na jua. Ndiyo maana losheni ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi ina faida kwa mtu mweusi mwenye madoa, hata kama wengi hudhani ni ya watalii wa ufukweni. Kofia, mtandio na mwavuli husaidia pia, na havihitaji kununuliwa kila mwezi.

Mabaka ya kahawia ya mashavuni na kwenye paji la uso, yanayowapata wanawake wengi wakati wa mimba au wanapotumia baadhi ya dawa za kupanga uzazi, nayo huchochewa na jua. Weusi wa chini ya macho ni jambo jingine: unaweza kuwa wa kurithi, wa kukosa usingizi, au wa kusugua macho kwa sababu ya mzio.

Ziko pia tiba za nyumbani zinazosifiwa na kila jirani. Maji ya ndimu ni mojawapo. Ndimu ikipakwa ngozini kisha mtu akatoka juani, inaweza kuiunguza ngozi na kuacha doa jeusi kuliko lile lililokuwapo. Dawa ya meno juu ya chunusi nayo huichoma ngozi. Liwa na manjano vimepamba nyuso za wanawake wa Pwani kwa vizazi vingi na vina mahali pake katika urembo, lakini mwenye ngozi inayowasha ajaribu kwanza sehemu ndogo, na asivipake kwenye kidonda.

Njia ya kuchubua

Krimu na sabuni za kujichubua huuzwa kwa majina matamu. Ndani yake hupatikana mara kwa mara vitu vitatu vya hatari.

Cha kwanza ni zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, ndiyo sababu uso huonekana kung'aa kwa muda. Lakini hupenya ngozi na kuingia mwilini. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba madhara yake makubwa ni kwa figo, na kwamba huweza pia kuleta vipele, makovu, wasiwasi, huzuni nzito na kuharibika kwa mishipa ya fahamu. Mama mjamzito anayeitumia humhatarisha mtoto aliye tumboni. Hata wasiojipaka hawasalimiki, kwani zebaki hubaki kwenye taulo, mito na mikono inayomshika mtoto.

Cha pili ni haidrokwinoni. Hii hutumiwa na madaktari wa ngozi kwa kipimo na kwa muda maalumu. Ikitumiwa ovyo kwa miezi na miaka, huweza kuigeuza ngozi kuwa ya bluu na nyeusi, yenye vijipunje vigumu, hasa mashavuni, yaani mahali pale pale mtu alipotaka kung'arisha. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza madhara haya mwaka 1975, baada ya kuwaona wanawake walioharibika nyuso kwa krimu za dukani. Weusi huo ni mgumu mno kutibu.

Cha tatu ni steroidi kali, ambazo ni dawa halali ya magonjwa fulani ya ngozi, lakini huuzwa kinyemela kama krimu za urembo au huchanganywa ndani ya kopo lisilo na jina. Siku za mwanzo uso huwa laini na chunusi hutulia. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo huonekana, chunusi hurudi kwa kishindo na nywele huota mahali zisipotakiwa. Mtu akiacha ghafla, uso huwaka na kuvimba, naye hudhani anaihitaji krimu ile ile. Aliyekwisha kuitumia kwa muda mrefu asihangaike peke yake. Aende kituo cha afya aelekezwe namna ya kuiacha.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, Kebs, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata nao unapinga utengenezaji na biashara ya vipodozi vyenye zebaki. Lakini marufuku haiwezi kusimama mlangoni mwa kila duka. Mnunuzi ndiye anayesimama hapo. Asome kopo: maneno kama mercury, mercurous chloride, ammoniated mercury na calomel yote yana maana ya zebaki. Kopo lisilo na orodha ya viambato, lisilo na jina la mtengenezaji au lisilo na tarehe ya mwisho wa matumizi liachwe kwenye rafu. Krimu iliyopimwa kwa kijiko kutoka ndoo kubwa iachwe pia, hata kama muuzaji ni jamaa.

Tazama kabla ya kufunika

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mekapu hufunika rangi, haitibu kitu. Kwa hiyo swali la kwanza la mpambaji si "dada, una rangi gani ya faundesheni?" Swali la kwanza ni "dada, doa hili lina muda gani, na linakusumbuaje?"

Mpambaji si daktari na hapaswi kumpa mteja jina la ugonjwa. Lakini yeye huziona nyuso za watu kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote, na anaweza kutambua kwamba jambo fulani linahitaji kutazamwa na afisa wa kliniki au daktari.

Baka jeupe au jekundu ambalo halisikii mguso, joto wala maumivu linaweza kuwa dalili ya ukoma. Ukoma haujaisha nchini Kenya, na bado kuna wagonjwa wapya, wakiwemo wa kaunti za Pwani. Unatibika kabisa kwa dawa za kumeza, matibabu hayo hutolewa bure, na kwa kawaida huchukua miezi 6 hadi 12. Ukicheleweshwa huharibu vidole, mikono, miguu na macho. Baka kama hilo likifunikwa kwa poda kila siku kwa miaka miwili, mwenye nalo amepoteza miaka miwili aliyokuwa akiihitaji.

Waa linalokua, linalobadili rangi au umbo au linalotoa damu lipelekwe hospitali. Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa kipelekwe pia, hasa kwa mtu mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina kinga ya melanini na ambaye saratani ya ngozi humnyemelea mapema. Mabaka ya rangi ya zambarau yanayoongezeka nayo yatazamwe. Chunusi kubwa zenye maumivu na zinazoacha mashimo zina tiba, na kadiri zinavyotibiwa mapema ndivyo makovu yanavyopungua. Tiba hiyo haifanyi kazi kwa siku tatu. Huhitaji wiki 6 hadi 8, na wakati mwingine zaidi, kabla ya nafuu kuonekana. Mjamzito amweleze mhudumu hali yake kabla ya kupewa dawa yoyote ya chunusi, kwani baadhi yake hazimfai.

Na ngozi iliyo na kidonda kibichi, usaha au vipele vinavyowasha haipakwi mekapu hata kama harusi ni kesho.

Kuchagua rangi

Makosa mengi ya mekapu huanzia dukani. Mteja hupaka faundesheni nyuma ya kiganja chini ya taa ya duka, huipenda, na akifika nyumbani uso huonekana kama umepakwa majivu. Kiganja si uso, na taa si jua.

Mahali pa kujaribia ni kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo. Ipakwe mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana, kisha mtu asogee mlangoni penye mwanga wa mchana. Mstari unaopotea ndio wake. Asichague ule unaong'aa kuliko yeye. Baada ya dakika kumi atazame tena, kwa sababu faundesheni nyingi huwa nzito zaidi zikikauka.

Kila ngozi ina rangi ya juu na rangi ya ndani. Watu wawili wa maji ya kunde wanaweza kulingana kwa weusi, lakini mmoja ana unjano ndani na mwingine ana wekundu. Faundesheni ya mmoja ikipakwa kwa mwingine humfanya aonekane mgonjwa. Na uso wa mtu mmoja hauna rangi moja: paji na pembe za mdomo huwa na weusi zaidi kuliko mashavu. Ndiyo maana wapambaji wazuri huwa na rangi mbili wakazichanganya.

Zamani mtu mweusi alihangaika kupata rangi yake. Iman, aliyezaliwa Mogadishu, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1975 alipoonwa na mpigapicha Peter Beard, kisha akaenda New York kuwa mwanamitindo. Huko aliwakuta wapambaji wasio na faundesheni inayomfaa, akawa anajichanganyia mwenyewe. Mwaka 1994 alianzisha kampuni yake ya vipodozi kwa ngozi za namna yake. Mwaka 2017 mwanamuziki Rihanna alipoanza kuuza faundesheni za rangi 40 kwa mpigo, kampuni nyingine zililazimika kuongeza zao. Leo hata maduka ya miji midogo huwa na rangi kadhaa za kahawia iliyokolea. Muuzaji akisema "ya kwako haipo, chukua hii nyeupe kidogo", mnunuzi ana haki ya kurudisha mkoba begani na kuondoka.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Mekapu inayoonekana ya asili haitokani na kupaka nyingi. Hutokana na kupaka kidogo, mahali panapohitajika, na kusubiri.

Kwanza, mikono ioshwe. Uso uoshwe kwa maji na sabuni laini, ukaushwe kwa kugusagusa. Ipakwe losheni nyepesi isiyo na mafuta mengi kwa mwenye chunusi, kisha losheni ya kukinga jua ikiwa mtu atatoka mchana. Zipewe dakika chache zinywee. Mekapu ikiwekwa juu ya losheni mbichi huteleza na kujikusanya kwenye mistari ya uso.

Pili, doa lisahihishwe rangi kabla ya kufunikwa. Hapa ndipo wengi hukwama. Weusi wa chini ya macho na madoa ya chunusi kwenye ngozi nyeusi huwa na ubluu au ukijivu ndani yake. Konsila ikiwekwa moja kwa moja juu yake, ukijivu hutokeza. Rangi ya machungwa huuzima ubluu. Mwenye ngozi nyeusi sana atumie rangi ya machungwa iliyokolea, inayokaribia wekundu wa matofali. Wa maji ya kunde atumie rangi ya machungwa iliyo nyepesi. Mwenye ngozi nyeupe ambaye doa lake ni jekundu hutumia kijani kidogo. Kiasi chake ni chembe tu, juu ya doa lenyewe, na kingo zake zigongwegongwe kwa ncha ya kidole mpaka zipotee.

Tatu, faundesheni ipakwe utando mwembamba tu, kuanzia katikati ya uso kwenda nje, kwa sponji yenye unyevu au brashi. Baada ya utando huo, mtu atashangaa kuona kwamba nusu ya madoa aliyoyaogopa yamekwisha kufifia. Yaliyobaki ndiyo ya kushughulikiwa. Pasipo na doa paachwe, ngozi yenyewe ionekane. Uso unaoonyesha vinyweleo vyake ndio unaoaminiwa na macho.

Nne, konsila yenye rangi sawa kabisa na ngozi iwekwe kwa brashi ndogo yenye ncha, juu ya doa tu. Iachwe nusu dakika ishike. Kisha kingo zake zigongwegongwe bila kusugua, na katikati pasiguswe. Anayesugua huondoa kile alichokiweka. Ikiwa doa bado linaonekana, uongezwe utando wa pili mwembamba. Tando mbili nyembamba hushinda moja nene, ambayo hupasuka mtu anapocheka.

Chunusi iliyovimba ina sheria yake. Mekapu hufunika rangi, haifuniki kimo. Konsila iliyo nyeupe kuliko ngozi, ikiwekwa juu ya uvimbe, huunyanyua zaidi, kama taa juu ya mlima. Rangi iwe sawa na ngozi au imekolea kidogo, na mtu akubali kwamba uvimbe mdogo utabaki. Anayemtazama usoni hatauona kama yeye anavyouona kwenye kioo.

Tano, poda. Kiasi kidogo kibonyezwe kwa pamba ya poda juu ya sehemu zilizofunikwa na zile zinazotoa mafuta: paji, pua na kidevu. Poda nyeupe inayosemwa haina rangi huweza kuacha ukungu kwenye ngozi nyeusi, na ukungu huo hutokeza zaidi picha zinapopigwa kwa taa ya kamera. Maharusi wengi wameona hilo kwenye albamu, siku ambayo hakuna la kurekebisha. Poda yenye rangi ya ngozi ni salama zaidi, na picha moja ya kujaribu kwa taa ya kamera ipigwe kabla ya bi harusi kutoka.

Sita, jasho. Katika joto la Pwani au la Turkana, hakuna mekapu isiyotoka jasho. Anayeongeza poda juu ya jasho hutengeneza uji. Jasho likaushwe kwanza kwa tishu iliyobonyezwa bila kufuta, ndipo poda kidogo iongezwe.

Mwisho, mtu asimame mlangoni, kwenye mwanga wa jua, ajitazame kutoka umbali wa mkono. Huko ndiko watu watakapomwona. Kioo cha kukuza sura hakina mwisho. Kila mwenye nacho atapata doa jipya.

Wanaume nao hawatengwi na haya. Konsila kidogo yenye rangi sawa, bila poda inayong'aa, hufunika weusi wa vipele vya ndevu. Lakini dawa ya vipele hivyo ni kubadili namna ya kunyoa: kulainisha ndevu kwa maji ya vuguvugu, kufuata uelekeo zinakoota, na kutozikata chini kabisa ya ngozi.

Vifaa ni kama mswaki

Mapambo yanayoletea mtu chunusi mpya hayana faida. Sponji yenye unyevu iliyotumiwa kwa wateja sita ni shamba la vijidudu. Mpambaji asichovye brashi kwenye kopo, akapaka mteja, kisha akachovya tena. Achote kiasi kwa kijiti safi, akiweke kwenye sahani ndogo ya kuchanganyia, na atumie hapo. Brashi zioshwe kwa sabuni na zikaushwe kabisa kabla ya mteja anayefuata. Anayejipamba mwenyewe azioshe angalau mara moja kwa wiki. Wanja wa maji wa kope, kalamu ya macho na rangi ya mdomo havishirikishwi, hata kati ya dada na dada, kwa sababu maradhi ya macho na vidonda vya mdomo husafiri navyo. Wanja wa kope uliofunguliwa kwa zaidi ya miezi mitatu utupwe.

Mteja mpya apakwe kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko siku moja au mbili kabla ya shughuli. Ikiwasha, ijulikane Alhamisi na si Jumamosi ya arusi.

Na usiku mekapu itoke. Mafuta mepesi ya kusafishia huilegeza, kisha uso huoshwa kwa sabuni laini na maji, na losheni hupakwa. Anayelala nayo huziba vinyweleo na kuamka na kazi mpya ya kuficha.

Madoa makubwa, na heshima

Yako madoa ambayo konsila ya kawaida haiyawezi: kovu la moto, waa la kuzaliwa linalofunika nusu ya uso, mbalanga inayoacha mabaka meupe. Kwa haya kuna krimu nzito zilizotengenezwa mahsusi. Historia yake ilianza na mwenye doa mwenyewe. Lydia O'Leary, Mmarekani aliyezaliwa na waa jekundu usoni, alitengeneza krimu ya kulifunika mwishoni mwa miaka ya 1920, akaiita Covermark. Uingereza, Shirika la Msalaba Mwekundu lilianza mwaka 1975 kuwafundisha wagonjwa namna ya kufunika makovu na mabaka kwa krimu za aina hiyo. Huko kufunika doa kulihesabiwa kuwa sehemu ya kumhudumia mgonjwa, kando ya dawa.

Kanuni zake ni zile zile: rangi sawa na ngozi, tando nyembamba, kusubiri, na poda ya kushikisha. Mwenye mbalanga akumbuke kwamba mabaka yake hayana melanini na huungua upesi, kwa hiyo kinga ya jua hutangulia rangi. Aliyeungua asubiri kidonda kifunge kabisa na aulize waliomtibu kabla ya kupaka chochote.

Lakini hakuna anayelazimika kujificha. Winnie Harlow wa Kanada amefanya kazi ya uanamitindo duniani kote na mabaka yake ya mbalanga yakiwa wazi. Kuna bibi anayeipenda alama yake ya kuzaliwa kwa sababu mama yake alikuwa nayo. Mpambaji asinyooshe kidole na kusema, "Hiki lazima tukiondoe." Aulize, "Ungependa nifunike nini, na niache nini?" Shangazi naye, anayemwambia mwana wa ndugu yake mbele ya watu kwamba uso umeharibika, ajue kwamba maneno kama hayo ndiyo yanayompeleka binti kwenye kopo la krimu ya kujichubua. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Maswali matano ya ukutani

Kila saluni inaweza kuyaandika haya kwenye karatasi na kuyabandika kando ya kioo:

1. Doa hili lina muda gani, linawasha, linauma, au halisikii kitu?
2. Kuna kidonda kibichi hapa?
3. Kopo hili lina viambato, tarehe na alama ya ubora?
4. Brashi na sponji hizi zimeoshwa tangu mteja aliyetangulia?
5. Mteja mwenyewe anataka kipi kifunikwe?

Jibu la swali la kwanza au la pili likiwa la kutilia shaka, mteja aelekezwe kituo cha afya kilicho karibu, au kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, kwa sauti ya chini na bila kumtisha. Mpambaji anayefanya hivyo hatapoteza mteja. Atakuwa amempa sababu ya kurudi.